Wiki Ambayo Hospitali Yote Ilinyamaza Ili Nipime

Ninyi vijana munaofanya kazi ya mashini siku hizi, nasikia mukitaka kujua njia ya data iwe na upana gani munaanza na karatasi ya muuzaji. Sikatai. Karatasi ya muuzaji inasema mengi ya kweli, na mara nyingine inaijua mashini kuliko sisi tunaolala nayo chumba kimoja. Ila mimi mukiniomba niseme kitu juu ya kazi ile, cha kwanza kinachonijia si hesabu, ni adabu. Nitaeleza. Nikipotea njiani munisamehe. Shule yangu iliishia mwaka wa pili wa sekondari, na mambo mengi ya mashini niliyajua kwa kuyakosea, kwa hiyo yawezekana mengine nayakosea mpaka leo na hakuna aliyeniambia.

Niliingia hospitalini kwetu, hapa Kalemie, kama fundi wa umeme. Kazi yangu ilikuwa jenereta, taa, na friji za chanjo. Siku walipoleta kabati la diski, ile mashini ya kuwekea picha zote za radio, yaani eksirei za mifupa na mapafu, na zile za matumbo ya wamama wajawazito, hakuna aliyejua nani ailinde. Ikawekwa kwenye chumba chenye baridi, ikawa inavuma tu, na kwa sababu inavuma na inakaa kwenye baridi watu wakaiita Frigo. Na kwa sababu inaitwa Frigo, ikapewa fundi wa friji. Ndivyo nilivyoingia informatiki. Wengine wanaingia kwa diploma, mimi niliingia kwa jina la utani la mashini.

Aliyenifundisha kidogo alikuwa Papa Mulongo, muzee aliyefanya kazi ya simu kwenye reli. Kompyuta hakuijua sana, lakini alijua watu na waya. Aliniambia: "Anselme, ukitaka kujua simu ngapi zinatosha, usihesabu siku nzima. Kaa pale saa treni inaingia. Saa ile kila muntu anataka kuongea na dada yake. Saa zingine unaweza kulala juu ya mashini, hakuna atakayekusumbua."

Hilo nililishika, na mpaka leo nawapa ninyi bure. Debi, ndivyo tulivyoiita, ni kiasi cha data kinachopita kwa sekunde moja. Wastani wa debi ni kitu kizuri cha kuwaonyesha wakubwa, lakini hakimusaidii mugonjwa. Chukueni wastani wa hospitali yetu: ndani yake kuna saa za kazi, saa za kulala, na saa ambazo umeme umekatika. Frigo isiyo na umeme haitumii debi hata kidogo. Kwenye karatasi huo ni uchumi wa ajabu.

Papa Mulongo alinifundisha pia kugusa mashini kwa mugongo wa mukono ili kujua kama imechoka. Hilo nililifanya miaka mingi. Siku moja nikagusa, nikakuta Frigo ni ya moto kweli kweli, nikamuambia Munganga mukubwa, yaani daktari anayeongoza hospitali, kwamba kazi imezidi nguvu za mashini. Akaniamini, akapunguza kazi. Baadaye nikafungua nyuma, nikakuta vumbi limejaa mpaka hewa haipiti. Sisemi Papa Mulongo alikosea. Mukono ulisema kweli, mashini ilikuwa ya moto. Ni mimi niliyejibu swali ambalo mukono haukuulizwa.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe.

Frigo ilizeeka. Diski zikawa zinakufa moja moja, na mutengenezaji akasema aina ile haitengenezwi tena. Tukatafuta Lubumbashi, tukauliza Kigoma, hakuna. Picha zikaanza kuchelewa. Munganga anafungua picha ya paja lililovunjika, inatokea juu kidogo, inasimama, inatokea tena kidogo, kama muntu anayevua shati kwa aibu. Ilionekana wazi kwamba ni lazima kuibadilisha.

Hospitali yetu ni moja kati ya kadhaa zenye makao makuu Lubumbashi, na makao makuu wakasema hivi: pimeni matumizi yenu wiki moja. Kama Kalemie inatumia debi kubwa kuliko kiwango tulichoweka, tutawanunulia kabati jipya, likae kwenu, na waya mpya kati ya vyumba. Kama munatumia kidogo, hakuna haja. Picha zenu zitakaa Lubumbashi, kwenye kabati letu kubwa, nanyi mutazifungua kupitia antena yenu ya intaneti.

Wazo lao halikuwa la kijinga, niseme wazi. Kule wana umeme bora kuliko wetu, wana mafundi waliosoma, wana vipuri. Kama ningekuwa nimeketi Lubumbashi ningeandika vile vile. Ila sisi tuliijua ile antena. Tulijaribu mara moja kutuma picha ya mapafu ya muzee mumoja mpaka kule na kuirudisha. Mawingu yakashuka juu ya ziwa, na yule muzee akaenda nyumbani, akala, akalala, akarudi, na picha yake ilikuwa bado njiani. Siku za mvua antena inanuna. Na mvua yetu munaijua.

Basi kila muntu hospitalini alielewa kilichokuwa kinangoja: au picha zikae hapa na mugonjwa ahudumiwe akiwa bado kitandani, au ziende mbali na mugonjwa azingoje. Na yote yalitegemea kipimo, na kipimo kilikuwa changu.

Asubuhi ya kuanza, kwenye mukutano wa kila siku, Munganga mukubwa alisimama akasema, "Wiki hii Papa Anselme anapima Frigo. Ni kazi ya maana sana kwa hospitali yetu. Naomba kila muntu amusaidie, musimusumbue."

Watu wakaitikia wote, "Ndiyo, Munganga." Mimi mwenyewe nilipenda maneno yale. Ilikuwa mara ya kwanza kutajwa kwenye mukutano bila jenereta kutajwa nyuma yangu.

Nikaketi katika kile chumba cha baridi na koti langu. Kwenye kioo cha kompyuta kulikuwa na mustari unaopanda debi ikipanda na kushuka debi ikishuka. Mustari ulipanda kidogo, ukashuka, ukalala. Ukalala kabisa. Nikaangalia waya, uko. Nikazima programu, nikaiwasha, mustari umelala. Nikatoka kwenye ukumbi nikamuuliza muuguzi kama kuna kazi leo. Akaweka kidole mudomoni, akanijibu polepole, "Iko sawa, Papa. Endelea tu."

Sasa lazima niwajulishe Mama Feza. Alikuwa mukubwa wa chumba cha radio, na kusema kweli ndiye aliyeijaza Frigo, maana kila picha ilianza kwake. Sauti yake ilikuwa inasikika mpaka kwenye mulango mukubwa. Wiki ile alipita mbele ya chumba changu ameshika viatu mukononi. Nikafikiri anaumwa miguu. Nikamuambia pole, akaitika kwa kichwa.

Kila jioni nilijiuliza kama mimi ndiye nimeharibu kitu. Nina tabia hiyo, taa ikizimika muji muzima nafikiri ni mimi nimegusa. Lakini nilipima, nikapima tena, kipimo kilikuwa sawa. Nikajiambia: huenda sisi watu wa Kalemie tunajiona tuna kazi nyingi kuliko tulizo nazo. Inawezekana, kwa nini isiwezekane? Kila muntu anayelalamika kwamba amechoka hajapimwa.

Wiki ikaisha, nikafunga programu. Jumatatu iliyofuata, asubuhi, Frigo ikakwama. Picha hazikutoka, simu zililia, diski zilipiga kelele kama sufuria zinazogongana. Nami nilifanya nini? Nilimushukuru Mungu kwamba haikukwama wakati napima, maana ingeniharibia hesabu.

Nikatuma hesabu Lubumbashi. Wakajibu kwa adabu: asanteni, matumizi ni madogo sana, picha zitahamia huku, fundi atakuja kupanga uhamisho.

Mama Feza alinikuta kwenye uwanja, mbele ya watu.

"Papa Anselme! Tumekuachia wiki nzima, njo umetufanyia hivi?"

"Mama, mimi niliandika nilichoona."

"Uliona nini? Uliona kwamba hatufanyi kazi?"

"Niliona mustari."

"Mustari! Mimi mugongo unaniuma kwa kuinua wagonjwa, weye unaona mustari. Sasa mutu wa Moba akija na muguu umevunjika, nimuambie ngoja, muguu wako uko Lubumbashi?"

Watu wakacheka. Nami ningecheka kama ningekuwa upande ule. Maneno yake ya kwanza, "tumekuachia wiki nzima", yalinipita kama upepo. Nilisikia lawama tu.

Fundi aliyekuja aliitwa Nadège, binti wa Lubumbashi, injinia kamili. Alikuja kutuhamisha, si kutuokoa, na hakuficha. Lakini alikuwa na desturi moja nzuri ambayo nawaombea nanyi: kabla ya kuhamisha kitu, aliuliza kinakaaje. Akafungua hesabu zangu, akaziangalia muda murefu.

"Papa, wiki hii hospitali ilikuwa kwenye mapumziko?"

"Hapana, binti yangu. Wagonjwa walikuwa wengi tu."

"Jumanne asubuhi walikuwepo?"

"Walijaa mpaka kwenye ngazi."

"Basi picha zao zilienda wapi? Hapa hakuna kilichoingia."

Swali hilo sikuwa nimejiuliza hata mara moja. Nilikuwa nimeshughulika kujiuliza kama mimi ni mujinga. Ni maswali mawili tofauti, vijana, na la pili linakula muda wote wa la kwanza.

Tukaenda kwa Mama Feza. Alimupokea mugeni vizuri, akamupa kiti, mimi nikasimama.

"Mama, wiki ile Papa alipokuwa anapima, ulipiga picha?" Nadège akamuuliza.

"Nilipiga. Nyingi."

"Hukuzituma kwa Frigo?"

"Aka! Ningetuma namna gani na Papa anapima? Niliziweka hapa hapa, ndani ya mashini yangu ya radio. Wanganga walikuja kwa miguu kuziangalia. Jumatatu alipomaliza njo nikazituma zote mara moja."

Nadège akaniangalia. Mimi nikaangalia kiti.

"Lakini kwa nini, Mama?"

Mama Feza akamutazama kama muntu anayeulizwa kwa nini anavaa nguo. "Weye ukipimwa tansio ya damu, unarukaruka? Mutu akipimwa anakaa kimya. Anatulia, anapumua polepole. Miaka yote nawaambia wagonjwa: usitikisike, usipumue, ngoja nipige. Na Munganga mukubwa alisema tusimusumbue Papa. Basi tukatulia. Hospitali nzima! Hata wanganga hawakufungua picha za zamani. Tulimuheshimu." Akanigeukia. "Na asante hukusema."

Ndivyo ilivyokuwa. Niliipima hospitali ikiwa imeshika pumzi. Na hakuna aliyekosa: Munganga mukubwa alinitakia mema, wauguzi walinitakia mema, Mama Feza alitembea bila viatu kwa ajili yangu. Sijawahi kuheshimiwa hivyo kabla wala baada, na heshima ile karibu itupeleke Lubumbashi.

Nadège hakucheka mbele yake. Alicheka kwenye ukumbi, akiwa ameegemea ukuta. Kisha akasema tutapima upya, mara hii yeye akiwepo, na akamuomba Munganga mukubwa atangaze vizuri.

Munganga mukubwa akatangaza: "Tuliwaelewesha vibaya. Musitulie! Fanyeni kazi kama kawaida. Mukumbuke tu kwamba kama mustari hautapanda, Frigo inakwenda."

Kusema kweli, hayo maneno ya mwisho yangeweza kubaki mudomoni.

Siku ile mustari ulipanda mpaka ukagusa juu ya kioo, ukabaki pale. Nadège akasonga karibu. "Papa, kuna ajali? Meli imezama?" Tukazunguka vyumbani. Katika chumba cha wanawake, kwenye kompyuta, tukakuta picha ya goti. Kwa watoto, picha ya goti lile lile. Maabara, goti. Kwenye biro ya muhasibu, ambaye tangu aajiriwe hajafungua picha ya mugonjwa hata mumoja, goti, kubwa, limejaa kioo kizima.

"Papa wangu, hili goti la nani?" Nadège akamuuliza muhasibu.

"Sijui, Injinia. Nimeambiwa ni picha nzito kuliko zote. Nalifunga, nalifungua. Tunasukuma."

Walilisukuma lile goti asubuhi nzima. Nikipita kwenye ukumbi walininong'oneza, "Papa, inapanda?" Niwe wa haki: walitaka wagonjwa wapate picha zao hapa, na walifanya walichoweza kwa vidole vyao. Lakini kama tungetuma hesabu ile, Lubumbashi wangeamini kwamba muji wote wa Kalemie una goti moja na linauma sana.

"Sasa tufanyeje?" nikamuuliza Nadège. "Tupime bila kuwaambia?"

Swali hilo lilinisumbua tangu jana yake. Kupima watu kwa siri niliona si vizuri, kama kusikiliza mulangoni. Kwa upande mwingine, nikiwaambia wanatulia au wanasukuma.

"Hatutawaficha," Nadège akasema. "Tutaacha kipimo kiendelee na tutawaambia kinaendelea. Adabu inachosha, Papa. Wataisahau."

Aliyetusaidia hapo ni ndege. Ile ya kumurudisha Nadège haikuja. Wakasema kesho, na kesho yake wakasema tena kesho. Mwanzoni alikuwa mugeni: kila anapoingia chumbani watu wanasimama, wanapangusa kiti, wanazima walichokuwa wanafanya ili wamusalimu. Mustari unashuka kila anapopita, niliuona kwa macho, ningeweza kufuata njia yake hospitalini kwa kuangalia kioo tu. Kisha wakaanza kumuuliza kama ameolewa. Kisha mama wa jikoni akaacha kumuwekea samaki, mikebuka mikubwa, akawa anapata ya kawaida kama sisi. Mustari ukaanza kutembea kidogo kidogo, unapanda asubuhi, unalegea saa ya chakula.

Na asubuhi moja, umeme uliporudi baada ya kukatika, Nadège akaingia chumba cha radio kuuliza kitu, na Mama Feza akapaza sauti bila kugeuka:

"Weye binti, toka kwenye mulango! Unaniziba mwanga na niko na mutu mezani! Kila siku maswali, maswali, kwani kwenu hakuna kazi?"

Nadège alirudi mbio kwenye chumba cha baridi, anafurahi kama amepewa cheo. "Papa, andika kuanzia leo! Amenifukuza!"

Kuanzia siku ile ndipo tulipohesabu.

Na ndipo shida nyingine ikatokea, ambayo nilikuwa naiogopa. Saa ya treni ya hospitali yetu, ile Papa Mulongo aliyosema, ilikuwa pale umeme unaporudi asubuhi. Kila muntu anawasha, kila muntu anafungua. Lakini Nadège akataka kujua ndani ya ule mulima wa mustari kuna nini. Akapasua hesabu, akakuta vitu vitatu. Cha kwanza, picha za wagonjwa. Cha pili, kopi ya akiba, ile Frigo inayojifanyia yenyewe: ilipangwa ifanyike watu wamelala, lakini umeme ukikatika inakosa saa yake, na ukirudi inasema "nimechelewa" na inaanza pale pale, wakati mumoja na wanganga. Hiyo inaweza kuhamishwa. Cha tatu kilikuwa video.

"Video za nini?" nikauliza, ingawa nilijua.

Zilikuwa za kwaya. Wafanyakazi wa hospitali wana kwaya yao, wanaimba vizuri, na Frigo ilikuwa mahali pekee penye nafasi. Mazoezi yote yalikuwa mule, na kila asubuhi wakiwa wanapanga dawa walikuwa wanayafungua vyumba vyote. Mama Feza alikuwa sauti ya kwanza.

Alikuja mwenyewe kuniona. Mara hii hakupiga kelele.

"Papa Anselme, zile video, ziache ndani ya hesabu. Nazo si debi?"

"Ni debi, Mama. Lakini si za wagonjwa."

"Wagonjwa wanazisikiliza. Kuna mama wa Niemba alikaa hapa na tumbo limepasuliwa, alikuwa anatuomba tumuwekee. Unasema hiyo si dawa?"

Sikuweza kusema si dawa. Nilikaa na jambo lile. Tukiziacha ndani, mulima ni murefu, Frigo mpya inakaa hapa bila shaka. Tukizitoa, pamoja na ile kopi ya akiba, kinachobaki kinafika karibu sana na kiwango walichoweka Lubumbashi. Chini au juu yake kidogo, kutegemea siku. Kwa ajili ya kwaya tunabaki na picha zetu. Kwa ajili ya ukweli tunaweza kuzipoteza. Na mimi nilizitaka picha zibaki. Nilizitaka sana.

Nikamuuliza Nadège angefanya nini. Akasema, "Papa, kipimo ni chako, jina lililo juu ni lako. Mimi nitaweka lile utakaloandika." Nilitamani angenipa amri. Muntu muzuri, lakini hilo sikumushukuru.

Nikaandika yote mawili. Nikaandika mulima muzima, kisha nikaandika ni kiasi gani ni picha za wagonjwa, kiasi gani ni kopi ya akiba tunayoweza kuihamishia saa ya chakula, kiasi gani ni nyimbo. Nikaongeza kwamba mashini mpya ya radio inakuja na picha zake ni nzito kuliko za sasa. Hilo lilikuwa kweli, na mukipima leo tu munanunua nguo ya mutoto kwa kipimo cha mwaka jana. Nikaongeza pia siku ambazo antena ilinuna. Mwishoni niliandika kwamba sina hakika. Nadège alitaka kulifuta neno hilo, kisha akaliacha.

Ndege ikaja, akaondoka. Mama Feza hakunisalimu mpaka jibu lilipofika.

Jibu likasema: kabati jipya litakaa Kalemie. Dogo kuliko tuliloomba, na kopi yake itakwenda Lubumbashi polepole kupitia antena, maana kopi haina haraka. Na video za kwaya zitolewe. Munganga mukubwa alisoma kwenye mukutano, watu wakapiga makofi kwa sehemu ya kwanza, na kwa sehemu ya mwisho wakanigeukia wote.

"Umetuponya na umetuua," Mama Feza akaniambia. Lakini siku ile ile alinipa kiti.

Kuhamisha kutoka Frigo ya zamani kwenda mpya, vijana, nako kunakula debi, musisahau kukuhesabu. Sisi tulisahau, na hospitali ilitembea kwa kuchechemea mpaka data zote zikavuka. Hilo nalo Nadège hakulikumbuka, wala mimi. Tuligawana lawama nusu kwa nusu.

Muntu wa kwanza kupigwa picha kwenye Frigo mpya alikuwa muvuvi wa Mpala, aliyeanguka kwenye mawe na kuumia mukono. Muke wake alimuleta. Alikuwa amejitayarisha: ameleta bugali kwenye kitambaa, chupa ya maji, na mukeka. Watu wa huko walishaijua hospitali yetu. Akatandika mukeka chini ya dirisha, akavua viatu.

Mama Feza akapiga picha. Munganga, aliyekuwa chumba cha pili, akafungua, picha ikatokea yote mara moja. Akaangalia, akatoka.

"Mama, tumeona. Mufupa umepasuka kidogo, haukuhama. Tutamufunga plasta sasa hivi."

Yule mama alikuwa hajaketi vizuri. Akamuangalia munganga, akaangalia mulango wa radio.

"Mumeona saa ngapi?"

"Sasa hivi, Mama. Imekwisha."

"Hapana." Akasimama. "Tumetoka Mpala kwa mutumbwi. Mama mukubwa wangu aliletwa hapa, walimuangalia mukono kutoka asubuhi mpaka jua linashuka. Huyu munamuangalia kama munaangalia kuku sokoni? Ni kwa sababu hatuna nguo nzuri?"

Munganga akajaribu kueleza kabati jipya. Mimi nikajaribu kueleza debi. Mama Feza akaeleza kwa sauti yake yote. Yule mama akakunja mikono, na mume wake, ambaye maumivu yalikuwa yanamumaliza, akasema polepole kwamba bora waangalie tena.

Basi tukawaingiza wote wawili. Munganga akageuza kioo, akafungua ule mukono, ukatokea palepale, akaanza kuuangalia. Akaangalia mufupa wa juu. Akaangalia wa chini. Akasogea karibu, akarudi nyuma, akanyamaza. Mama Feza akanyamaza. Nami nikavua kofia. Tukaangalia pamoja, polepole, mpaka yule mama akashusha pumzi, akasema, "Ee, sasa mumemuangalia," akaenda kukunja mukeka wake.